Sare ya Harusi ya Hetal

"Nilikuona, mama Lydia. Nilikuona kwa macho haya mawili, sikuambiwa na mtu."

"Uliniona wapi, mama Shija? Siku hiyo mimi nilikuwa India!"

"Aliyekuwa India simjui. Mimi namsema aliyekuwa hapa kwenye zizi letu, anazunguka moto wa ng'ombe."

Salome aliacha kukanyaga cherehani. Alikuwa amekaa barazani kwake na gauni la komunyo la mtoto wa watu mapajani, na sindano ikabaki imezama kwenye kola. Ng'ambo ya ua wa michongoma alisimama Hellena, jirani yake, ndoo ya maziwa mkononi. Ndoo ilikuwa imejaa, lakini hakuiweka chini. Mtu asiyeweka mzigo chini hakuja kupiga soga.

"Pasi yangu ina mhuri," Salome alisema. "Nimepanda ndege, nimefika, nimekula harusi ya watu, nimerudi. Nitazungukaje zizi lako huku niko ng'ambo?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza."

Kule Sumbawanga neno kama hilo halikai peke yake. Rahel, muuza maandazi, alishaacha karai lake motoni. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka bombani walitua ndoo, wakajifanya wanafunga vitenge upya.

"Kwani mji wetu huu usafiri ni ndege tu? Ungo je?" Rahel akatupia.

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kila mmoja akijutia kuwa alikuwa wa kwanza kucheka.

"Alivaa nyekundu," Hellena aliendelea, sauti imeshuka. "Nyekundu yenye vitu vinamulika. Mawingu yalikuwa yamefunga, mchana umekuwa kama magharibi. Nikadhani moto umeruka unatembea. Akazunguka, akazunguka, polepole, wala hakunitazama. Nikaingia ndani kumwita baba Shija. Tunatoka, radi imepiga. Maksai wawili wamelala wameelekeza miguu huku. Halafu jana unatuonyesha ile nguo, unazunguka kigoda, unacheka!"

Maksai hao mtaa mzima ulikuwa umewazika. Ilikuwa jozi ya Ngeleja, mume wa Hellena, na mwezi huo wa pili watu wa Ufipa wanageuza mashamba ya maharage. Nyama ya radi hailiwi. Wanaume walichimba shimo refu, na Ngeleja, mtu mkubwa wa maneno machache aliyetoka Usukumani na mifugo yake, aliwafukia wanyama wake bila kutamka kitu. Alipoulizwa anamshuku nani, alijibu, "Mimi mambo ya kumtaja mtu siyataki." Akaenda kunawa.

Hellena ndiye aliyetaja.

"Jumapili mwenyekiti anakuja kwetu," alisema, akigeuka na ndoo yake. "Uje nayo hiyo nguo."

*

Siku moja kabla, nyumba ya Salome ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

Salome alikuwa ameshuka na basi la kutoka Mbeya, na hata vumbi hakujipangusa, watu wakaanza kuingia. Nani angekosa? Fundi cherehani wa mtaani kwao amealikwa harusi ya Wahindi, huko huko India, na tiketi kalipa baba wa bibi harusi! Chai ya rangi ilichemshwa kwenye sufuria la msiba. Watu walikaa kwenye magunia ya mahindi, kwenye kitanda, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Pembeni kabisa, kwenye kiti chake cha kamba, alikaa Bibi Adela, mama yake Beda, mume wa Salome. Kila aliyeingia alimpa shikamoo, naye akaitikia "marahaba" kwa kila mmoja, na kwa wengine mara mbili. "Bibi amechoka siku hizi," watu walisema, wakampita kwenda kwenye maandazi.

"Sasa huyo Hetal si yule mtoto wa duka la mabati?" aliuliza Rahel.

"Ndiye. Nimeanza naye la kwanza. Anaongea Kifipa kukushinda wewe."

"Mimi nani hanishindi! Haya, tupe. Bwana harusi alikujaje?"

"Na farasi."

"Farasi!"

"Farasi kavalishwa kuliko mimi. Ngoma zinapigwa, wanaume wanacheza barabarani, magari yamesimama yanangoja. Kufika mlangoni, mama mkwe anamshika pua anaivuta, ajue anakokwenda kuoa wana nguvu."

"Beda hakuvutwa pua," mmoja akadakia, "ndiyo maana anachelewa kurudi."

Beda alicheka na wenzake. Alikuwa mtu wa kucheka upesi.

"Nyama ilikuwa ya nini? Mbuzi?"

"Nyama hakuna. Harusi nzima hakuna hata kidari."

"Uongo! Watu walikula nini?"

"Dengu, viazi, mikate, na vitamu vya kila namna. Tena nilishiba."

"Harusi bila nyama," alinung'unika mzee mmoja kwenye magunia, "hao wameoana kweli?"

Ndipo Salome akatoa sare. Aliitandaza hewani, na watu wakavuta pumzi. Ilikuwa sketi nyekundu, pana ya kuweza kulaza watoto watatu, imeshonewa vipande vya vioo vidogo kama senti, kila kipande kimezungushiwa uzi.

"Upande wa bibi harusi sote tulivaa hii. Familia yao ilinitumia mapema, niikate kwa kipimo changu."

"Vioo kweli?"

"Gusa."

Hakugusa mtu. Mtaani kwao mawingu yakianza kunguruma mama anafunika kioo kwa khanga kabla hajaanua nguo, na mwenye shati jekundu anaambiwa avue au akae mbali.

"Msimu huu wa radi, mama Lydia?" Rahel aliuliza polepole.

"Kwao wanakalia vioo, na matako yao mazima!" Watu wakaangua kicheko, naye akajifunga ile sketi juu ya gauni lake. Akaweka kigoda katikati ya chumba. "Sasa ndoa yenyewe. Hapa ni moto. Padri wao anasoma, anamwagia samli, moto unapanda. Bwana na bibi harusi wamefungwa nguo kwa nguo. Wanazunguka. Hivi. Hawakimbii."

Alizunguka kigoda. Jua la jioni lilikuwa linaingia dirishani, likashika vile vioo, na nukta za mwanga zikaanza kutembea ukutani, zikapita juu ya picha ya Bikira Maria, juu ya magunia, juu ya nyuso za watu. Kicheko kilipungua chenyewe. Nukta moja ilipita jichoni mwa Hellena, na kikombe chake kikasimama katikati ya safari. Alikitua sakafuni na chai yake, akatoka bila kuaga. Kwenye kona, miguu ya Bibi Adela ilikuwa inakwenda, kanyaga huku kanyaga kule, ingawa mwenyewe alikuwa amekaa.

Kitu kimoja Salome hakukisimulia. Kwenye ile harusi, nyanya yake Hetal, waliyemwita Ba, aliwekwa kwenye kiti karibu kabisa na moto. Ba aliuza vitenge Sumbawanga karibu maisha yake yote, na sasa akili yake ilikuwa imepotea kabisa. Mjukuu mmoja alimshikia glasi, mwingine alimlisha, na alipotaja majina ya watu waliokufa zamani waliitikia, "Ndiyo, Ba, wanakuja." Bibi harusi alipoanza kuzunguka, mkono mkavu ulimkamata Salome kifundo cha mkono. Ba alimwambia kwa Kiswahili cha dukani:

"Mbona Adela anazunguka peke yake? Mshike mkono."

Salome alitabasamu kama walivyotabasamu wenye nyumba. "Ndiyo, Ba," alisema. "Anakuja."

*

Baada ya ugomvi wa michongoma, wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao.

"Nimeghairi, fundi. Usijali, ni shida tu za nyumbani."

"Lakini nimeshakata mikono."

"Nipe hivyo hivyo."

Bombani ndoo yake ilisogezwa nyuma bila aliyeisogeza kuonekana, na alipotoa salamu ilichukuliwa na upepo. Alipopita njia ya sokoni watoto waliokuwa wanaimba walinyamaza, na hilo lilimuuma kuliko yote, maana nyimbo nyingine aliwafundisha yeye. Asubuhi moja moto wake ulizimika, akamtuma mwanawe Lydia kwa Rahel na kigae kuomba kaa. Lydia alirudi na kigae kitupu. "Anasema hajawasha," alisema. Moshi wa karai la Rahel ulikuwa unaonekana toka barazani.

Jumamosi alihamisha magunia ya mahindi kutafuta panya, na nyuma ya gunia la mwisho akagusa kitu kigumu. Alikivuta. Ilikuwa sketi nyekundu yenye vioo, imekunjamana, imekauka na matope hadi magotini, inanuka moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

Sketi yake yeye ilikuwa sandukuni, safi. Alisimama na hii nyingine mkononi, na mgongo ukamsisimka mpaka alipokumbuka. Sare zilikuja mbili. Hetal alituma ya rafiki yake na ya Bibi Adela, mteja wa Ba wa miaka na miaka. Kila mtu alijua bibi hawezi safari, ila sare ni heshima, na asiyefika naye huhesabiwa.

Beda aliporudi alimkuta mkewe amekaa sakafuni, sketi imetandazwa mbele yake kama maiti.

"Ilivaliwa lini?"

Beda hakuketi. "Siku ile ile. Asubuhi si mlipiga ile simu ya picha? Hetal akamwambia, 'Bibi, leo nazunguka moto, vaa sare yako.' Ikamkaa. Mimi nikatoka kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Kilabuni." Alikuna shingo. "Pombe ya komoni ilikuwa mpya. Narudi, mvua inamwagika, nikamkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye matope, analia kwamba harusi imemwacha. Nikamvua, nikaificha."

"Kwa hiyo alifuata moto. Moto alioona ni wa zizi la Ngeleja, akauzunguka. Na wewe unajua. Siku zote hizi napitwa kama kaburi, unajua!"

"Salome."

"Unacheka na watu hapa, unajua!"

"Wewe una mdomo," Beda alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Una pasi, una mhuri, una miaka yako. Wakikusema wewe, utasemwa. Wakimsema mama, atakufa. Kizee, macho mekundu kwa moshi, anatembea kwenye mvua na vioo mwilini, radi inapiga nyuma yake. Nani ataniuliza kama ana ugonjwa wa kusahau?"

Salome alikunja ile sketi, akaikunjua tena. Kisha akamweleza maneno ya Ba.

Beda alichuchumaa kando ya sketi. "Yule bibi alijuaje?"

"Sijui."

"Alikuwa anaona nini?"

"Nimekwambia sijui, Beda."

Kutoka chumba cha pili zikasikika nyayo, za mtu asiyevaa viatu, taratibu, bila kukimbia. Zilikwenda, zikapinda, zikarudi. Salome alisogeza pazia. Bibi Adela alikuwa ameweka kigoda katikati ya chumba.

*

Jumapili, watu wakiwa bado na nguo za misa, uwanja wa Ngeleja ulijaa. Moto wa kufukuzia mbung'o ulikuwa unafuka kando ya zizi, na kamba za maksai waliokufa zilikuwa bado zimening'inia kwenye nguzo. Upande wa milima mawingu yalikuwa yameshika rangi ya jivu la mkaa.

"Nianze na hili," alisema Mzee Baltazari, mwenyekiti wa mtaa. "Ramli hapa hapana. Anayetaka ramli akawaeleze polisi. Tumekuja kuzungumza kama majirani."

"Tunazungumza, mwenyekiti," alisema Leonsi, kijana wa bodaboda, "ila nguo tuione."

Salome alitoa sketi yake kwenye mfuko. Beda alikuwa nyuma yake, kichwa chini. Nyumbani walikuwa wamemwacha Bibi Adela ndani, mlango wameufunga kwa waya kwa nje, na kufanya hivyo kuliwachubua wote wawili zaidi ya waya wenyewe.

Hellena aliichukua, akaigeuza pindo, akainusa. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mwongo.

"Siyo hii," alisema.

Minong'ono ikatambaa.

"Ile ilipita matope, ikapita moshi. Hii ni safi. Ipo nyingine."

"Iko wapi nyingine, mama Lydia?" aliuliza mwenyekiti. "Na nani aliivaa?"

Macho yote yalimgeukia. Salome alisikia nyuma yake pumzi ya mumewe ikisimama. Aliangalia zile kamba nguzoni. Akaangalia nyuso alizozijua, vipimo vyao vya kiuno na mabega akivijua kwa moyo, na akaona kwamba wanangoja, na kwamba watakipokea chochote atakachowapa.

"Ni hiyo hiyo," alisema. "Niliifua. Mliyemwona ni mimi."

Hata Leonsi alirudi nyuma hatua.

"Unajua unachokisema?" Mzee Baltazari alinong'ona.

"Najua. Mkitaka nihame, nitahama. Msimtafute mwingine."

Matone ya kwanza yalianguka, makubwa, yakitoboa vumbi. Hakuna aliyekimbilia barazani, kwa sababu hapo hapo mahindi ya upande wa pili wa ua yalianza kutikisika, safu baada ya safu, na katikati ya kijani kile kikaja kitu chekundu kinachomulika. Umeme ulipiga mbali, na kitu kile kikaujibu kwa macho mia.

Bibi Adela alitoka kwenye mahindi. Alikuwa amevaa sketi juu ya kanga, miguu mitupu, kipande cha waya kimenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Hakumsalimu mtu. Alienda moja kwa moja kwenye moto wa zizi, akashika pindo la sketi kwa vidole viwili kama binti, akaanza kuzunguka.

Ngurumo ilipita chini ya miguu ya watu.

"Kumbe kizee!" Leonsi alipiga kelele. Alikuwa ameshainama, ameshaokota jiwe. "Mnaona? Mnayaona macho yake?"

"Mama yangu ni mgonjwa!" Beda alisema, lakini neno lilitoka dogo, na watu walikuwa wameshaanza kujipanga, huku na huku, bila kuambizana, mpaka wakawa duara.

Duara hilo Hellena alilijua, ingawa la kwanza hakuliona kwa macho. Kule walikotoka, kabla ya kuhama na ng'ombe na watoto bila kumwambia mtu sababu, mama yake Ngeleja alikuwa na macho mekundu ya miaka mingi ya kupika kwa mavi ya ng'ombe. Hellena alikuwa ameenda kisimani, na aliporudi duara lilikuwa limeshatawanyika, mama mkwe amebaki chini kati ya mawe, kila mtu amekwenda kwake kula.

Alimtafuta mumewe kwa macho. Ngeleja alikuwa ameshatembea. Aliweka fimbo yake ya kuchungia kifuani kwa Leonsi, kwa upole kama mtu anayefunga mlango, na akaiacha hapo.

"Weka chini, kijana," alisema.

Mvua ikashuka. Hellena aliingia ndani ya duara, nguo yake ya misa ikamgandama mwilini, akafika motoni. Bibi Adela alimtazama kwa macho yale mekundu yenye maji.

"Mmeanza bila mimi," alilalamika. "Bibi harusi yuko wapi?"

Radi ilipasuka karibu, na vioo vyote vikawaka kwa wakati mmoja. Watu walijishika vichwa. Hellena hakuvuta mkono. Aliushika ule wa bibi, uliokuwa baridi na mwepesi kama ganda la hindi, wala hakumvuta atoke. Alizunguka naye. Waliupita upande wa zizi, wakazipita zile kamba, moshi ukiwafunika na kuwafunua, hadi wakarudi walipoanzia. Salome, na sketi yake safi inalowa mikononi, alimwona yule mkono ndani ya mkono, na akamkumbuka Ba kando ya moto mwingine, akaketi chini kwenye matope.

"Bibi harusi ameshaingia ndani, mayu," Hellena alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama mkwe wake.

"Wameshakula?"

"Hatujala. Ugali uko mezani, na maziwa ya mgando yapo." Alimgeuza kuelekea mlangoni, kisha akawatazama Salome pale chini na Beda nyuma yake. "Tunakungoja wewe na watoto wako. Ingia, mayu, tule."